Kuvua Samaki Juu ya Mikorosho

Kitangari, Newala
Juni 3, 2024

Mjomba Uwesu,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata bibi, ambaye siku hizi hasikii vizuri na angekuwa salama kuambiwa: nataka kuvua samaki, nimshike, nimtazame usoni, halafu nimwachie aende zake.

Ndiyo, nimwachie. Huku kwetu, ambako samaki anatufikia akiwa amekauka kama soli ya kiatu na bado tunamgombania kichwa. Mama akisikia atanipeleka hospitali na kwa mganga siku hiyohiyo, aone nani atawahi kunitibu.

Sasa nimelitoa, naweza kusalimia. Shikamoo mjomba. Sisi wazima. Bibi anakohoa lakini anakula. Mikorosho imeanza kuchanua, na kijiji kizima kinaongea habari za salfa tu, ile dawa ya vumbi ya kutibu ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua. Maji bado tunanunua kwa ndoo. Mama hajambo, ila jina lako likitajwa anachukua ufagio, hata kama pameshafagiliwa. Simu yangu iliangukia chooni mwezi wa nne, na ya mama imekufungia namba, ndiyo maana naandika barua kama mtu wa zamani. Nampa Mudathiri muuza samaki. Anasema anakujua vizuri na kwamba unaongea sana.

Lawama ni zako. Mwaka jana ulituma ng'onda, wale samaki wa kukausha, zimefungwa kwenye kurasa za gazeti la Kiingereza. Mama akawagawia majirani ng'onda zote kwa hasira, mimi nikabaki na karatasi. Kuna picha ya mwanamke amesimama kwenye maji ya magoti, bahari nyeupe kama maziwa, peke yake, hakuna wa kumwambia "mbona huongei?" Mjomba, nimeitazama picha hiyo mpaka nimeikunja vibaya. Unajua mimi siongei. Shuleni nilikuwa najibu kwa kutikisa kichwa, na mwalimu wa Kiingereza aliandika kwenye ripoti yangu kwamba nina nidhamu.

Makala yenyewe inahusu vifaa vya bei nafuu vya kuvulia kwenye mafungu ya mchanga kwa nzi bandia. Kiingereza changu ni cha kujibia mtihani wa baiolojia, na mafuta ya ng'onda yamekula nusu ya kila sentensi. Nimeambulia "namba nane" lakini sijui namba nane ya nini. Nina akiba ya korosho nilizookota msimu uliopita. Nianze na nini?

Na swali jingine. Kwa nini hukuja siku ya kutolewa kwangu unyagoni, Desemba ya 2021? Kama hilo ni gumu, jibu la vifaa kwanza.

Mpwa wako,
Faidha

*

Kambini, pwani ya Mtwara
Juni 21, 2024

Mpwa wangu Faidha,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili niliisoma jikoni kwa sauti, na mpishi akatokwa machozi, ingawa alikuwa anakata vitunguu. Nisalimie bibi. Mama yako msalimie kimoyomoyo.

Kwanza nikuondoe hofu. Hapa kwenye kambi ya wageni kuna watu wanapanda ndege mbili kuja kumshika samaki, kumpiga picha, kumwomba radhi na kumrudisha majini. Kwa hiyo wewe si mwendawazimu peke yako. Ni mwendawazimu wa kimataifa.

Sasa vifaa. Namba nane ni fimbo. Chukua namba nane, urefu futi tisa, ya vipande vinne ili iingie kwenye begi. Namba sita upepo wa huku utaifanya unyasi. Namba kumi na mbili itakung'oa bega kabla hujaona hata mkia. Usinunue mpya. Wageni huvunja fimbo nyingi kwa milango ya magari kuliko kwa samaki, na iliyovunjika ncha ikiungwa vizuri inarusha kama kawaida.

Kigurudumu cha kuzungushia uzi ndipo maskini wenzetu wanapopotea. Wananunua kinachong'aa. Mwezi wa kwanza kinang'aa, mwezi wa pili kinalia kama mlango wa choo. Wewe tafuta chenye breki iliyofunikwa, chumvi na mchanga visiingie, hata kiwe kibaya cha sura. Na kila ukitoka baharini unakiosha kwa maji yasiyo na chumvi.

Hela yako iende kwenye uzi. Huku anayerushwa si nzi, nzi hana uzito. Uzi ndio mzito, ndio unaombeba. Uwe wa nchi za joto. Ule wa nchi za baridi ukiuweka juani unalegea kama tambi. Itakayobaki, nunua miwani ya kukata mng'ao, maana usipomwona samaki utamrushia nani? Viatu, raba zako za shule zinatosha. Usije ukaingia na kandambili. Samaki aitwaye taa yumo mchangani, na mwiba wa mkia wake hauna nidhamu kama yako.

Ukiona mtandaoni kifurushi cha kila kitu pamoja na kofia ya bure, kikimbie. Ujue fimbo ndiyo imelipia kofia.

Nzi utengeneze mwenyewe: manyoya ya jogoo, nywele za mbuzi, uzi wa cherehani. Na kile kijino cha ndoana, kinachoizuia kurudi ilikotoka, ukibane kwa koleo kilale kabisa. Nakuomba sana. Ukibane.

Mudathiri anakuletea bomba la plastiki. Ndani mna fimbo namba nane na kigurudumu kibaya cha sura. Mama akiuliza, sema ni bomba la maji.

Kuhusu Desemba ile, wageni walizidi. Ulikuwa msimu mkubwa. Basi.

Mjomba wako anayewaongoza wazungu baharini,
Uwesu

*

Kitangari
Julai 14, 2024

Mjomba, shikamoo,

Bibi anakohoa kidogo kuliko mwanzo. Mbuzi amezaa pacha. Mama alilipokea bomba lako kwa furaha kubwa, akauliza tunaunganishiwa lini. Kwa siku tatu aliwaambia majirani kwamba serikali imefika. Nimeshindwa kumkatisha tamaa, nikamwambia wanasubiri bomba la pili.

Uzi nimeuagiza kwa dada mmoja wa Masasi anayeleta mizigo kutoka Dar. Umefika. Rangi yake kama kiini cha yai, nilikuwa naunusa. Miwani bado.

Nzi ninao kumi na mmoja. Nywele ni za mbuzi wetu. Manyoya ni ya jogoo wa jirani yetu Mzee Stefano, ambaye hajui. Jogoo anajua. Akiniona anapanda juu ya paa. Vijino vyote nimevibana, kama ulivyoniomba kwa sauti ya mtu anayeumwa.

Bahari sina, kwa hiyo nafanyia mazoezi shambani, asubuhi, katikati ya safu za mikorosho. Badala ya nzi nafunga kipande cha kitambaa chekundu. Siku za mwanzo nilijivua mwenyewe. Nilivua kanga yangu, nikavua sikio la mbuzi, nikavua beseni la majirani. Sasa nimeanza kuelewa. Unarusha nyuma, unasubiri uzi unyooke, ndipo unarusha mbele. Ule muda wa kusubiri ndio mtamu. Hapo hamna kitu cha kusema.

Sasa jambo lenyewe. Nalenga shada la maua ya mkorosho, kitambaa kiliguse bila kudondosha ua hata moja. Juzi nikiwa nimelenga hivyo, nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa kwa heshima. Mzee Stefano.

"Binti Adija, hiyo ndiyo dawa mpya ya ubwiriunga?"

Nilitaka kutikisa kichwa kushoto na kulia. Kikaenda juu na chini.

"Ya bwana shamba?"

Juu na chini.

"Haina vumbi wala harufu?"

Mjomba, shingo yangu haikunisikiliza.

"Aisee," akasema. "Sayansi! Basi mwanangu, upite na kwangu. Nina mikorosho thelathini na miwili tu."

Nimepita kwake. Ningefanyaje? Ni yeye aliyesimama nami siku ya unyago, pale ambapo mjomba husimama kumvisha mwali kitenge mbele ya watu. Mama alimwazima kama anavyoazima kinu. Alinivisha kitenge kichwa chini, na machozi yalimtoka kuliko mama.

Wageni walizidi, umesema. Sawa.

Faidha

*

Kitangari
Agosti 2, 2024

Mjomba, shikamoo. Natumaini u mzima, maana hujajibu, na Mudathiri amepita mara mbili akiwa na samaki tu.

Bibi hajambo. Mimi ndiye nina jambo.

Natibu nyumba saba. Nalipwa mayai na ming'oko, vile viazi vya porini. Mama anadhani nimeajiriwa na bwana shamba, na kanisani na msikitini wote wananisifu. Mkono wangu umekuwa mwepesi. Nagusa shada la maua kwa umbali wa hatua ishirini, hata upepo ukiwepo.

Lakini jana Mzee Stefano ameniambia mwaka huu hachukui salfa. Ya nini vumbi, wakati yupo Faidha? Nimeenda kuangalia mikorosho yake. Miwili ina unga mweupe kwenye maua.

Nifanye nini? Jibu upesi. Usiniletee habari za wageni.

F.

*

Kambini
Agosti 9, 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Salamu za familia tuziweke pembeni leo.

Uwaambie. Si keshokutwa. Siku utakayoisoma hii barua, ukiimaliza, vaa viatu. Najua unavyoogopa watu, lakini ubwiriunga haungojei mtu apate ujasiri, na mzee wa watu atakosa korosho za mwaka mzima kwa ajili ya shingo yako.

Sasa la pili, na nimekaa nalo wiki mbili nikijiuliza nikwambie au nisikwambie. Oktoba kambi inachukua vijana wawili wa mikoa ya huku, wafundishwe kazi ya kuongoza wageni kwenye mafungu. Kuna jaribio tarehe 12. Unawekewa beseni mchangani, hatua ishirini, unaangusha nzi ndani yake mara tatu kati ya tano. Mpaka sasa aliyejiandikisha kwa huku ni kijana mmoja, naye jana kavua kofia ya bosi.

Kwa maelezo yako wewe unaweza. Ila una miaka kumi na saba, na fomu lazima isainiwe na mzazi. Nimeiweka humu. Irudi kwa mkono wa Mudathiri kabla Septemba haijaisha.

Mimi siwezi kumwomba dada yangu Adija. Usiniulize.

Uwesu

*

Kitangari
Agosti 25, 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, kwa kiasi.

Barua yako niliisoma siku ambayo watu walikuwa wamekusanyika ghalani kugawiwa salfa. Nikavaa viatu. Nikafika. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, kama wanavyouliza siku zote ili wafunge kikao, nami nikanyoosha mkono. Watu wakageuka. Mtu mmoja akasema, "Kumbe ana sauti?" hata kabla sijaitoa.

Niliongea nikitazama mifuko ya salfa. Nikasema ile si dawa. Ni fimbo ya kuvulia samaki, nilikuwa najifunza, nachukua lawama zote.

Halafu Mzee Stefano akasimama taratibu.

"Kwa hiyo mikorosho yangu thelathini na miwili imevuliwa samaki?"

"Ndiyo, babu."

"Mmepata wangapi?"

Ghala zima likaangua kicheko. Nikaona kwa kuwa nimeshasimama, nimalizie. Nikamwambia na habari ya jogoo. Hapo hakucheka. Akasema alishampeleka yule jogoo kwa bwana mifugo akiamini ana upele, na amekuwa akimpaka mafuta ya taa.

Alichukua salfa yake siku hiyohiyo, na vijana tukaenda kumpulizia mpaka jua likazama. Mikorosho miwili haitazaa. Nimemwahidi kumwokotea korosho msimu mzima, naye amekubali, ila amesema nisikaribie banda la kuku.

Lakini mama alikuwepo, mjomba, amekaa mbele. Waliponiuliza fimbo nimeipata wapi, nilitaja jina lako. Akainuka akaondoka bila hata kuchukua mgawo wake wa salfa.

Nyumbani nilimkuta ameshatoa fimbo kwenye bomba. Ncha yake ameifungia kisu, anaangulia mapapai. Hakunipiga. Aliangusha papai moja, akaliokota, akasema:

"Yule mtu nilimwekea kiti mbele ya ukoo mzima. Kiti kikakaa kitupu mpaka kuku akapanda. Leo anakufundisha kuvua samaki na kumwachia. Ndiyo, kuachia anakuweza."

Fomu sijamwonyesha. Ipo chini ya godoro.

Mjomba, wageni hawakuzidi. Desemba ile bahari ilichafuka wiki mbili, Mudathiri ameniambia, hakuna mgeni aliyekuja. Mimi nimesimama mbele ya kijiji kizima nikasema ukweli kuhusu jogoo. Wewe unaogopa kumwandikia mtoto?

Faidha

*

Kambini
Septemba 8, 2024

Mpwa wangu Faidha,

Marahaba. Huku kumetulia. Mpishi anakusalimia, amekuwa mfuasi wako.

Nimeanza barua hii mara nne. Haya.

Mimi si mwongoza wageni. Mimi ni msukuma mashua. Nasimama nyuma na upondo, nasukuma, nanyamaza, mwongozaji anaonyesha samaki, mgeni anarusha. Haya yote niliyokufundisha ya fimbo na uzi nimeyasikia nikiwa nyuma ya mtu. Fimbo nimeishika nikiifuta tu. Nyumbani nilisema vingine kwa sababu nilipoondoka niliapa kwamba nitarudi nikiwa mtu.

Desemba ile bahari ilichafuka kweli. Mgeni alikuwepo mmoja, wa mwisho, amekwama anasubiri ndege. Akaomba tumtoe kidogo tu, palepale karibu na ufuko. Upepo unavuma, yeye hajui, anarusha nyuma kwa nguvu zake zote. Nyuma yake nilikuwepo mimi, nimeinama kuchota maji ya mashua.

Ndoana iliingia tako la kulia, Faidha. Yote. Na hakuwa amebana kijino.

Nzi alikuwa wa rangi ya waridi, mwenye macho mawili ya shanga. Alining'inia hapo kutoka baharini mpaka zahanati. Muuguzi alinitazama, akatoka nje, nikamsikia anacheka ukutani, akarudi na uso wa kazi. Walichana. Pakatunga usaha. Siku tisa nililala kifudifudi. Unyago wako ulikuwa siku ya sita. Basi kutoka huku mpaka Kitangari unajua barabara ilivyo, na mimi hata kwenye mto sikuweza kukaa.

Ningeweza kupiga simu niseme ukweli. Lakini nilimwona akilini Adija amezungukwa na ukoo wote, simu iko kwenye spika kama kawaida yake, nami naeleza kwamba mwongoza wazungu ametobolewa tako. Nikasema wageni wamezidi. Neno moja, halafu kila mwezi uliopita likawa gumu zaidi kulirudisha.

Nilikuwa nimenunua kitenge. Cha kijani, kina picha za jongoo, au labda ni treni. Bado ninacho.

Fanya utakavyo na barua hii.

Mjomba wako, msukuma mashua,
Uwesu

*

Kitangari
Septemba 22, 2024

Mjomba, shikamoo.

Bibi ameacha kukohoa. Mikorosho imeshika. Jogoo ameota manyoya mapya, mabaya kuliko ya kwanza. Fimbo nimepewa tena, si kwa msamaha, ni kwa kuwa mapapai yameisha. Kisu nimekifungua, nikajaribu juzi. Mara tatu kati ya tano kwenye beseni letu la kufulia. Mara ya nne ilikuwa ukingoni, siihesabu.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Nimeisoma nikiwa nimeuma mto. Nilipofika kwenye macho ya shanga nilitoa sauti ambayo sijawahi kuitoa, na mama akauliza toka jikoni, "Unacheka nini?" Nikajibu, "Hamna." Nimejibu "hamna" maisha yangu yote, na hakuna siku iliyoniuma kama hiyo, kwa sababu alisimama pale akingoja kidogo. Alitaka na yeye kucheka. Halafu akarudi kwenye sufuria.

Mjomba, huna akili. Miaka mitatu mama anadhani hatukuwa na thamani ya nauli ya basi. Mimi pia nilidhani hivyo. Sikukuambia kwenye barua zangu zote, niliweka mzaha juu yake. Nilisimama siku ile na kitenge kichwa chini, naangalia barabarani. Nilikuwa nahesabu pikipiki. Nilisema ya kumi na tano utakuwa wewe, ikapita, nikasema ya ishirini. Kumbe ulikuwa kifudifudi. Nimelia na nimecheka, na vyote vimetoka kwa pamoja, na mto wa bibi umeharibika.

Mudathiri yuko hapa kijijini, anaondoka kesho asubuhi. Asiporudi na fomu basi tarehe 12 sipo. Nimefikiria kusaini mwenyewe. Sahihi ya mama ni herufi A na mstari, hata mbuzi anaweza. Lakini nimeshachoka na shingo inayokwenda juu na chini.

Nimekaa mezani, chumbani kwetu, ni saa kumi jioni. Nimeitoa fomu chini ya godoro. Nimeitoa na barua yako, ile, nimeifungua kwenye ukurasa wa tako, nikaiweka kulia, fomu kushoto. Namsubiri mama.

Mama ametoka shamba. Nasikia anakung'uta viatu uani. Anasema na mbuzi. Sasa anakuja huku, ndala zake nazijua, ile ya kushoto inapiga mara mbili. Kwa kawaida karatasi hii ingekuwa imeshaingia ndani ya blauzi yangu. Mkono umeshakwenda wenyewe, nimeurudisha. Mjomba, naendelea kuandika, siinui kichwa, kivuli chake kimefika kwenye karatasi na kinasoma.

Shikamoo mama. Anza na hiyo ya kulia.